Neno Lililozimwa Msibani

“Mwenzangu, hebu nieleweshe,” jirani alimuuliza mpambaji siku moja ukumbini, harusi ikiwa imepamba moto. “Muziki unalia kule mbele. Mpiga muziki kakaa huku nyuma na wewe. Sasa kule mbele nani anapiga, jini?”

Mpambaji alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. Kimya, mpiga muziki mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, alitabasamu na kumwonyesha jirani ile tableti iliyokuwa mapajani mwake. Akamweleza kwamba laptopu yenye nyimbo ipo kule mezani, imeungwa na spika kama kawaida, na hiki kibao cha kioo kinazungumza nayo hewani, bila waya, kupitia kisanduku kidogo cha mtandao alichokificha nyuma ya pazia. Anachogusa huku, kule kinatendeka. Akagusa. Kule mbele wimbo mmoja ukafifia, mwingine ukaingia taratibu, na waliokuwa wakicheza wala hawakukosea hatua.

Jirani alikitazama kibao, akamtazama Kimya, kisha akamtazama mpambaji, na huko kwa mpambaji macho yakachelewa kutoka.

“Haya,” akasema. “Mtambo nimeuelewa. Ninyi wawili ndio sijawaelewa.”

Akajiondokea na sahani yake, akawaacha wawili hao wakitazama sakafu kama watoto waliokutwa jikoni.

Hata wao wenyewe walikuwa hawajaelewana bado. Kabla ya tableti, Kimya alikuwa mtu wa mezani. Harusi ikianza alisimama nyuma ya laptopu yake, ikiisha alikuwa bado palepale, amefungwa kama mbuzi kwenye kigingi. Walimwita Kimya kwa sababu hakuwa na mdomo kama wapiga muziki wengine. Hakupiga kelele kwenye maiki, hakumtania bibi harusi, aliachia nyimbo zizungumze. Mpambaji alikuwa akimwona kwa mbali tu, ukumbi mzima ukiwa kati yao, yeye akiwa amekaa karibu na mlango wa jikoni kungoja wageni waondoke ili avue vitambaa vyake na kukusanya maua.

Ilipokuja tableti, Kimya alianza kutembea. Alisema ukikaa mezani unasikia muziki wako mwenyewe. Ukizunguka ndipo unasikia wanachosikia watu. Basi akawa anazunguka kona hadi kona, anasimama, anainamisha kichwa, anapunguza hapa, anaongeza pale. Na kila harusi, kona ya mwisho ilikuwa ile ya mlango wa jikoni, na pale sikio lake lilikawia kuridhika.

“Huku sauti ikoje?” ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

“Kubwa,” mpambaji alijibu. “Watu wazima wamekaa huku. Wameacha kuongea, wanapungiana mikono.”

“Shusha, basi,” akasema, akamwekea kibao mapajani. “Hiki kijiti hapa kwenye kioo. Kivute chini kwa kidole. Polepole.”

Alivuta. Ukumbi mzima ukalainika mbele ya macho yake. Mabega ya watu yakashuka, mzee mmoja akamwinamia mkewe na kumwambia jambo, na mkewe akalisikia. Mpambaji alikitazama kidole chake mwenyewe. Tangu amzike mume wake, hakuna kitu duniani kilichokuwa kimemtii kwa upole namna ile.

* * *

Mapenzi yao hayakuwa na haraka, wala hayakuwa na kificho cha aibu. Alikuwa mwanamke wa kusali, na kila alipopiga magoti alimtaja Mungu na kumtaja Kimya, na hakuona kwamba majina hayo mawili yanagombana. Kilichosumbua kilikuwa kingine. Kilikuwa Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa muuguzi, msimamizi wa wodi katika hospitali ya mji mwingine. Ndiye aliyemlea Kimya mgongoni wakati mama yao akihangaika na vibarua, na ndiye aliyemnunulia redio yake ya kwanza. Mama alipoanza kudhoofika, hospitali haikumpa Dada Mkubwa ruhusa ya kuja, na Kimya hakujua kumwogesha mama mtu mzima. Mpambaji akaenda siku moja kusaidia. Akaenda tena. Mwisho wake alijua mafuta ya mgongo yanakaa wapi, na mto upi mama anaupenda kichwani na upi miguuni.

Dada Mkubwa alipopata likizo na kufika bila taarifa, alimkuta amemwegemeza mama kifuani anamchana nywele. Sebule ilikuwa na wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa, mlango uko wazi.

“Shikamoo, dada.”

“Wewe ni nani humu?”

Mpambaji akajitambulisha, chanuo mkononi.

“Ahaa. Ndiye wewe.” Dada Mkubwa aliweka mkoba chini. Sauti yake ilikuwa ya wodini, ile isiyohitaji kupandishwa ili vitanda vyote visikie. “Mimi nauguza mama za watu mchana na usiku, kumbe mama yangu mwenyewe anachanwa nywele na mjane asiyejulikana katokea wapi!”

“Anajulikana,” mama alisema, macho amefumba. “Katokea jikoni. Kaniletea maji ya moto.”

Mgeni mmoja sebuleni alikohoa ili asicheke. Lakini neno ‘mjane’ lilikuwa limeshatoka, na jinsi lilivyotoka kila mtu alisikia. Jioni yake Dada Mkubwa alimweka mdogo wake uani.

“Wanawake wamejaa dunia nzima, wewe ukamwona huyu aliyekwisha kuzika? Tena kakuzidi umri?”

“Kanizidi mengi, dada. Umri ni dogo.”

“Usinifanyie mashairi.”

“Sikiliza basi bila mashairi. Bila neno lako sitamwoa. Wewe ndiye uliyenilea, siwezi kukuruka. Lakini mwingine pia sitamwoa. Nitakaa hivi.”

“Kaa,” Dada Mkubwa akasema.

Na kweli wakakaa hivyo, mpambaji akija na kuondoka na mapenzi yakingoja mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Hadi Mungu alipomchukua mama.

* * *

Asubuhi ya kumkumbuka mama, baada ya mazishi, Kimya alikuwa amefunga turubai uani na kusimamisha spika zake mwenyewe. Zilikuwa zilezile za harusi, ila amezifunika kwa kitambaa cheupe alichokiomba kwa mpambaji. Kati ya hotuba na hotuba zingepita nyimbo za taratibu za maombolezo, na maiki ingezunguka kwa wazee. Alimwita mpambaji kando, karibu na tangi la maji. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono imetulia.

“Nisaidie jambo. Mimi natakiwa kukaa mbele na wazee. Mtu aliyefiwa na mama hawezi kuonekana anachezea kioo.”

“Vijana wako wa kazi je?”

“Vijana wangu wanajua kupandisha tu. Kushusha unajua wewe.”

Akampa tableti. Akamwonyesha, ingawa alikuwa ameshamwonyesha mara nyingi: huu wimbo, hii maiki. “Mzee akinong’ona, pandisha. Mtu akishikwa na kilio, shusha kidogo, tusiwasikizishe watu makamasi ya mwenzao. Na usisahau ile hali ya kuchelewa. Leo simu ni nyingi hapa uani, hewa imejaa. Ukivuta, ngoja pumzi moja. Usivute tena ukidhani haijasikia, maana itakuja yote kwa pamoja.”

“Nangoja pumzi moja.”

“Sina mtu mwingine wa kumpa hii,” Kimya alisema. Akatazama mikono yake iliyobaki mitupu, kama asiyejua aipeleke wapi. “Kama haya yangemfikia mama, angecheka.”

“Angesema nipandishe, hasikii.”

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na mpambaji akageuza uso ili ampe nafasi.

Akakaa safu ya nyuma, kwa wanawake, kibao mapajani chini ya mtandio. Bibi aliyekaa pembeni yake alichungulia mwanga wa kioo.

“Unasoma sala humo, mwanangu?”

“Naangalia sauti, bibi.”

“Sauti inaangaliwa siku hizi?” bibi akashangaa, akarudi kwenye kusinzia kwake.

Mambo yalikwenda vizuri. Mzee wa sala aliongea kama anayeongea na kola yake, mpambaji akampandisha hadi waliokuwa barabarani wakavua kofia. Mpwa wa marehemu alilia, akamshusha, akampandisha alipopata nguvu. Kila mara alingoja pumzi moja. Kule mbele aliona kisogo cha Kimya, na kila jambo lilipokwenda sawa, kisogo kile kiliinama kidogo. Nacho kilimtosha.

Kisha Dada Mkubwa akasimama.

Alikuwa amevaa nguo nyeusi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alishukuru wazee, akashukuru majirani, akashukuru waliochimba na waliopika.  Halafu akahamisha maiki kutoka mkono huu hadi mkono ule. Watu waliacha kujipepea.

“Mama yetu aliniachia kazi moja ya mwisho,” akasema. “Ni kazi ngumu, naomba mnivumilie. Hapa kati yetu kuna mwanamke. Wengi mnamjua. Ni mjane.”

Vichwa vikaanza kugeuka. Si vyote, lakini vya kutosha.

“Mwanamke huyu aliingia nyumba ya mama yangu mimi nikiwa mbali. Hakuniuliza. Akakaa kwenye kiti changu. Akashika kazi yangu—”

Mpambaji hakufikiri. Baadaye angejaribu sana kukumbuka kama alifikiri, na asikumbuke kitu isipokuwa joto lililompanda shingoni na ule uso wa sebuleni, siku ya chanuo. Akasema moyoni, Mungu wangu, mbele ya watu wote hawa! Kidole kikavuta kijiti chini.

Sauti haikushuka. Ilikuwa inachelewa, kama alivyoambiwa. Lakini pumzi ya kungojea hakuwa nayo. Akavuta tena. Akavuta mpaka mwisho wa kioo.

Na ndipo yote yakafika kwa pamoja. Sauti ya Dada Mkubwa ikakatika katikati ya neno, kana kwamba mtu amemziba mdomo kwa kiganja. Midomo yake iliendelea kidogo, kisha naye akagundua. Aligonga maiki kwa ukucha, haikutoa mlio. Akamtazama mdogo wake. Kimya akageuka na kutazama safu ya nyuma, moja kwa moja, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu wote wale.

Bado angeweza kurudisha. Kijiti kilikuwa pale, kidole kilikuwa juu yake. Hakurudisha.

Dada Mkubwa aliilaza maiki mezani polepole, kama anavyolaza kitu mtu aliyezoea kulaza wagonjwa. Akarudi kukaa. Mzee mwingine akainuka, akaichukua, akasema “Tumwombe Mungu,” na mpambaji, ambaye mikono yake sasa ilikuwa ikifanya kazi bila yeye, alikuwa ameshapandisha. Sauti ya mzee ikasikika wazi hadi ng’ambo ya barabara.

* * *

Wageni walipoanza kutawanyika, alikwenda kurudisha tableti. Alimkuta Kimya chumbani kwa mama, amesimama dirishani, na Dada Mkubwa amekaa ukingoni mwa kitanda kilichovuliwa mashuka. Mpambaji akarudi nyuma hatua moja.

“Ingia,” Dada Mkubwa alisema. “Na wewe yanakuhusu. Funga mlango.”

Akaingia, akaufunga, akabaki ameuegemea.

“Nilikuwa namuuliza mdogo wangu,” Dada Mkubwa akaendelea, “ile maiki ilikuwa na nini.”

“Ilikuwa hitilafu, dada,” Kimya alisema. “Mtandao ulielemewa.”

“Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote. Mashine iliyoharibika haiponi yenyewe kwa sababu mzee kaishika. Mimi nilizimwa.” Alimtazama mdogo wake. “Nani kanizima?”

Kimya hakumtazama mpambaji hata kwa pembe ya jicho. “Mimi.”

“Wewe.”

“Mimi, dada. Niliogopa utakachosema.”

“Ulikijua nitakachosema?”

“Hapana.”

“Basi ngoja nikuambie, kwa kuwa hapa hakuna cha kuzima.” Alikunja mikono mapajani. “Mama, mara ya mwisho nilipokuja kumwona, alinishika hapa, kwenye kiganja. Akaniambia, ‘Yule mtoto ulimsema mbele za watu. Mpokee mbele za watu. Chumbani haitoshi.’ Nikamwambia, mama, hilo siwezi. Akaniambia, ‘Utaweza, nishakuwa maiti nani atanibishia?’”

Hakuna aliyecheka, ingawa walimsikia marehemu kabisa katika maneno yale.

“Njia nzima ya kuja huku nilikuwa najifunza namna ya kusema. Mimi siyo mtu wa kuomba radhi, mnanijua. Nikayapanga hivi: aliingia nyumba ya mama yangu mimi nikiwa mbali, akakaa kwenye kiti changu, akashika kazi yangu, akaifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi. Nilimwita mjane kwa ubaya. Leo namwomba radhi, na kuanzia leo yeye ni wa nyumba hii. Basi. Ndiyo hayo. Ndiyo mliyoyaogopa.”

Mpambaji alihisi mlango nyuma yake umekuwa wa barafu.

“Sasa sikilizeni.” Dada Mkubwa alifuta jicho moja kwa kidole, haraka, kama anayetoa vumbi. “Neno la mama ni neno la mama. Huyu mwanamke hana kosa. Mchukue, uoe, mimi nimekubali, na Mungu awabariki. Hilo nimemaliza. Lakini wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni hadi nikawa natembea upande, wewe uliyenikata ulimi juu ya msiba wa mama yetu... mimi na wewe basi. Siku ya harusi usinitumie mtu. Nikifa usije. Tumemalizana.”

“Dada—”

“Tumemalizana!”

 Kimya aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mpambaji aingie chumbani, alimtazama. Jicho lile alilielewa bila maneno. Lilisema: nyamaza. Umepata. Nitabeba mimi.

Na alikuwa amepata. Kila alichokiomba kwa magoti kilikuwa kimewekwa mbele yake kama sahani. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, jambo ambalo mtu yeyote analiweza. Angekuwa mke wa mwanamume huyu. Angeamka kila siku kando ya mtu asiye na dada, na angelijua hilo kila siku, na mtu huyo asingelitaja kamwe, kwa sababu ndivyo alivyo.

Akakitoa kile kibao chini ya mtandio, akakiweka kwenye godoro.

“Dada, hakuwa yeye.”

“Nyamaza,” Kimya alisema kwa sauti ya chini.

“Hakuwa yeye. Yeye alikuwa mbele na wazee, mikono mitupu. Hii nilikuwa nayo mimi. Nimekuzima mimi.”

Dada Mkubwa hakusogea.

“Dada, sikia,” Kimya akaingilia, maneno yakimtoka mbio kuliko kawaida yake, “hewani kuna kuchelewa. Nilimwambia ashushe watu wakishikwa na kilio, sasa alivuta kidogo, haikusikia, akavuta tena, ikaja yote. Si kwamba alitaka. Ni mtambo.”

“Si mtambo,” mpambaji akasema. “Kuchelewa kupo, ni kweli. Lakini kuvuta nilivuta mimi, na hukuwa unalia, dada. Na ulipogonga maiki, kidole changu kilikuwa bado palepale. Ningeweza kukurudisha. Sikukurudisha.”

“Kwa nini?”

“Nilisikia ‘mjane’. Nikaona vichwa vinageuka. Nikajua unanivua nguo mbele za watu.”

“Ulijua.”

“Nilidhani nimejua.”

“Mimi, kwenye msiba wa mama yangu mzazi, nisimame nimvue mtu nguo. Ndivyo ulivyonidhania?”

Mpambaji alitafuta jibu la adabu, akakosa, akabaki na la kweli. “Ndivyo ulivyonizoesha, dada.”

Hakulisema kwa kisasi. Labda ndiyo maana lilipenya. Dada Mkubwa aliutazama mto wa mama uliobaki peke yake kwenye godoro tupu.  Alipogeuka, aligeukia upande wa dirisha.

“Na wewe ulikuwa unabeba,” alimwambia mdogo wake. “Ulikuwa unaniacha nikukatae, huku unajua.”

“Ningebeba.”

“Hadi lini?”

“Sijui, dada. Hadi ungechoka kunikataa.”

“Mjinga wewe,” Dada Mkubwa akasema, na sauti ya wodini ikavunjika. “Mjinga wa mwisho. Njoo hapa.”

Kimya akaja, mtu mzima na urefu wake wote, akapiga magoti sakafuni na kuweka kichwa kwenye goti la dada yake, na dada akaweka mkono kisogoni pake. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Mpambaji alikaza macho kwenye kitasa cha dirisha. Kilio kile hakikuwa chake, hata akikipenda. Alimshukuru Mungu kwamba amewaona hivyo, na papo hapo moyo ulimuuma kama jino.

Baadaye kidogo Kimya aliinua uso. “Dada. Na lile neno la mama?”

“Neno la mama lilitakiwa lisemwe mbele za watu.” Dada Mkubwa alijipangusa kwa ncha ya shali. “Watu wameondoka. Na wameondoka na nini? Wameondoka na nusu. Mjane, kaingia bila kuuliza, kakaa kwenye kiti cha mtu. Nusu mbaya yote wanayo, wanakwenda nayo nyumbani. Nusu nzuri imebaki humu.” Alijigusa kooni. “Sasa nifanyeje? Siwezi kuita msiba mwingine ili nimalizie sentensi.”

“Sidai, dada,” mpambaji alisema.

“Najua hudai. Nami sina hakika kama nitaliweza mara ya pili. Ile ya kwanza ilinichukua nguvu zote. Na nikikutazama sasa hivi, sitaki kukudanganya, naona kidole chako.”

“Una haki.”

“Sijasema nina haki. Nimesema ninachokiona.”

Nje, upande wa uani, wanawake waliobaki walikuwa wakiosha masufuria. Dirisha lilikuwa wazi, na maji yalipoacha kumwagika, maneno yaliingia bila hodi.

“Mimi siku nyingi nilishasema. Yule hakuja kuuguza, kaja kujiwekea makazi.”

“Wewe ulisema, leo kasema dada mtu! Kwa mdomo wake! Kaingia bila ruhusa, kakaa kwenye kiti.”

“Na hakumaliza yule. Maiki ndiyo ilikata.”

“Hata maiki imeona aibu!”

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, wasio na nia mbaya sana, na sufuria moja ikagongwa juu ya nyingine.  Kimya alielekea dirishani kulifunga.

“Liache,” mpambaji akamwambia. Alijaribu kutabasamu. “Ukilifunga watajua tumesikia. Acha waseme. Nitazoea.”

Dada Mkubwa alikuwa akimtazama. Alimtazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayedai kwamba hana maumivu. Kule nje mmoja akaanza tena, “Sasa nasikia huyo kijana naye...”

“Dada,” Kimya alisema, “tafadhali. Hao ni watu wa kuosha vyombo tu, waache.”

Dada Mkubwa akasimama. Alinyoosha nguo yake nyeusi magotini, akajifunga shali upya, akaikaza. Kimya alisogea kumpisha, mpambaji naye akabanduka mlangoni. Hakumgusa hata mmoja wao, wala hakumtazama. Alipita katikati yao, akafungua mlango, akaelekea uani kwa wale wanawake, akinong’ona ile sentensi aliyokatishwa.